Gari la Mikate Lapanda Mlima

Jumatatu, 6 Januari

Nimedharauliwa tena leo, na mapema. Nilikuwa nimeegesha gari la mikate mlangoni mwa hoteli ya ufukweni kama kila asubuhi, nashusha makreti, akatokea Miwani. Huyu ndiye mwenye basi dogo jeupe lenye kiyoyozi, anayewachukua wageni wa hoteli kwenda kuona milima na miji ya bara na kuwarudisha jioni. Tunamwita Miwani kwa sababu hajawahi kuivua miwani yake nyeusi, hata ndani ya chumba kisicho na taa. Akataka nisogeze gari ili wateja wake wapite. Akaniita Mkate. Si kaka, si bwana. Mkate. Wageni wakacheka kwa adabu.

Nikasogeza. Lakini wakati nasogeza nikawatazama wale wageni vizuri. Pua zimebabuka, shingo nyekundu, macho yamefinyana. Wiki nzima ya jua. Walilikimbilia lile basi kama watu wanaookolewa. Hapo nikaelewa jambo ambalo katika mji huu analijua Miwani peke yake: mtu halipi ili aone milima. Analipa ili atoke juani.

Na gari ninalo. Yaani ni la mama mkwe, mwenye bekari, na mimi ndiye dereva. Nikimaliza kusambaza linakaa uani mpaka jioni, linachomwa na jua bure. Uzembe wa namna hii siwezi kuuvumilia. Kampuni nimeiita Safari za Kivuli. Mkurugenzi ni mimi.

Jioni nilimdokezea mke wangu. Akauliza kama nimewahi kufika huko milimani. Nikamwambia babu yangu alipita. Akauliza alipita akienda wapi. Ni maswali kama haya yanayorudisha familia nyuma.

Jumanne, 7 Januari

Maandalizi. Gari lina kasoro moja ndogo kwa kazi ya kutazama mandhari: nyuma halina madirisha. Ni bati tupu, kama sanduku. Nimelitafakari jambo hili na nimelimaliza. Mlango wa nyuma utakaa wazi, umefungwa kwa kamba, na abiria watakaa wakitazama nyuma. Kila mandhari wataiona ikiondoka. Nadhani ni bora hivyo. Hakuna kusubiri.

Mabenchi nimeazima kwenye kibanda cha chai. Nimefagia unga. Unga wa ngano haufagiliki, unahama tu kutoka kona hii kwenda ile.

Hotelini siruhusiwi kuingia na biashara, kwa hiyo nilisimama kwenye uzio, upande wa bwawa la kuogelea, nikiita wateja kwa sauti ya chini kama mtu anayeuza saa za wizi. Nikapata wanne. Wawili ni mwalimu mstaafu wa jiografia na mkewe, ambao wamelipiwa likizo na watoto wao. Miwani amekataa kuwapakia tena kwa sababu Mwalimu anauliza maswali njia nzima. Nikamwambia kwangu maswali ni bure. Wawili wengine ni maharusi wa juzi tu na tayari hawasemezani. Kila mmoja alikubali akitumaini mwenzake atakataa.

Wakauliza tutaona nini. Nikasema maporomoko ya maji, mji wa kale na kasri. Hilo neno kasri lilitoka lenyewe. Sikulitafuta. Nadhani ni kipaji.

Jumatano, 8 Januari

Siku kubwa. Kwanza ilibidi nimuage mama mkwe. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na sijawahi kumsikia akifoka. Hana haja. Nilimwambia nikimaliza kusambaza nalipeleka gari kwa fundi, maana linatoa sauti. Akauliza sauti gani. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaitoa. Akaacha kukanda, akafuta mikono kwenye aproni.

"Hebu tena, baba," akasema.

Nikaitoa tena. Akasema ya kwanza ilikuwa nyembamba zaidi. Nikamwambia ndiyo, inabadilika, hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Akaniruhusu. Mke wangu alikuwa kwenye dirisha la mauzo, amenipa mgongo, mabega yanamtikisika. Nadhani alikuwa anakohoa.

Safari ilianza vizuri. Barabara inaipa bahari kisogo, inapita mashamba ya minanasi, kisha inaanza kupanda kwa kona. Hewa ikapoa. Mimi niko mbele peke yangu, abiria wako nyuma, katikati yetu kuna bati. Maelezo yote niliyapigia kelele dirishani na upepo ukayachukua. Baadaye Mwalimu aliniambia alisikia neno moja tu, "kushoto," na kushoto kwangu ni kulia kwao. Kila nilipokanyaga breki, unga uliojificha kwenye maungio ya dari uliwamwagikia. Kwenye kituo cha kwanza walishuka wanne weupe, kope nyeupe, kama watu waliofufuka wakiwa na haraka. Bibi harusi akamtazama mumewe, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake. Naliandika hili kwa ajili ya watakaosema huduma yangu haina faida.

Maporomoko yalikuwa makavu. Jabali refu, jeusi, limesimama vizuri kabisa, na chini yake dimbwi la tope na mbuzi mmoja. Hata mbuzi alionekana ameahidiwa kitu tofauti. Nikaeleza kwamba maporomoko haya hupumzika kila Jumatano. Mwalimu akauliza yanapumzishwa na nani. Nikasema ni utaratibu wa zamani sana. Akauliza, wa maji au wa watu? Nikasema twendeni kwenye kasri.

Mji wa mlimani ni barabara moja yenye nyumba za mawe pande zote mbili, maua kwenye makopo ya rangi, moshi wa kuni, na ubaridi unaoingia kwenye mikono ya shati. Kasri hakuna. Niliendesha polepole hadi mji ulipokwisha, nikageuza, nikarudi nikichagua. Nyumba moja ilikuwa na mlango wa kijani na ngazi. Ngazi ndizo zilizoipa ushindi. Nikasimama, nikawakusanya, nikatangaza kwamba hapa ndipo alipoishi malkia wa mwisho wa milima hii.

Sikujua kwamba nyuma ya shuka lililoanikwa kulikuwa na mtu. Shuka likasogezwa, akatokea bibi mrefu, mkavu, na vibanio vya nguo mdomoni. Akatutazama. Mimi, wale wanne weupe, na gari lililoandikwa ubavuni MKATE LAINI KILA SIKU. Akavitoa vibanio kimoja kimoja.

"Anayeishi," akasema. "Siyo aliyeishi. Na mmechelewa."

Akatukaribisha ndani. Akaketi kwenye kiti cha kawaida kabisa kwa namna ambayo kiti kikaacha kuwa cha kawaida. Akatusimulia habari za baba yake mfalme, aliyeapa kutokanyaga pwani maisha yake yote kwa sababu aliwahi kuletewa samaki na yule samaki akamtazama vibaya. Akasimulia na habari za mchumba wake aliyeteremka kwenda kulipa kisasi kwa bahari na hakurudi. Bibi harusi akalia. Mwalimu akavua kofia na hakuuliza kitu. Mimi mwenyewe nilianza kuamini, na wazo ni langu.

Wakati wa kuondoka akanishika kiwiko, akanivuta pembeni. Nikajua yamenifika. Akauliza kama kweli mikate ni laini kila siku, maana huko kwao mkate hufika umeshazeeka. Tukaelewana palepale. Yeye ataendelea kuwa malkia, mimi nitamletea mikate. Ya siku ileile. Ya jana haipokei.

Ijumaa, 10 Januari

Mambo yameninyookea mpaka naona aibu. Jana wateja wangu walisimulia kando ya bwawa la kuogelea, na leo asubuhi kwenye uzio kulikuwa na foleni. Miwani alipita akajifanya anatafuta funguo.

Makreti mawili ya malkia niliyachukua bekari. Mama mkwe akaona. Akauliza mbona mikate inayotoka ni mingi kuliko iliyoagizwa. Nikasema hoteli imeongeza, wageni ni wengi na wanakula kama hawatarudi kwao. Akatabasamu. Sijawahi kumuona akitabasamu kwa sababu yangu. Ana kishimo shavuni, kama mke wangu. Akasema Jumapili atakwenda mwenyewe kumshukuru meneja. Nikamtahadharisha kwamba yule meneja hapendi kushukuriwa. Akasema mtu wa namna hiyo bado hajazaliwa.

Nikajaza gari. Mwalimu na mkewe wamo tena, maharusi wamo tena, na wageni wapya. Maporomoko sikuyasogelea.

Malkia naye hakulala. Leo ana fimbo. Kiti kimetandikwa kitambaa. Fundi cherehani wa jirani amejitokeza amevaa koti, anajitambulisha kama waziri mkuu, na anachukua vipimo vya yeyote anayetaka gauni la kifalme. Sikushauriwa kuhusu waziri mkuu. Hadithi pia imebadilika. Leo baba yake mfalme aliteremka pwani, akaipenda, akakaa huko mwaka mzima. Mwalimu akanyoosha mkono, akakumbusha kwamba juzi mfalme aliapa. Malkia akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "baba yangu alikuwa mfalme. Alikuwa anaapa kila siku."

Mwalimu akaridhika. Mimi alinikatalia hata lile neno "kushoto."

Na hapo ndipo basi jeupe lilipoingia mjini. Miwani. Alinifuata nyuma njia nzima, na kwa kuwa sina madirisha ya nyuma sikumuona. Abiria wangu walimuona, walimpungia mkono, wakadhani ni sehemu ya huduma. Akashusha watu wake, safi, hakuna hata mmoja mwenye unga. Akamwinamia malkia mpaka miwani ikataka kuanguka. Akakaribishwa. Wakapikiwa chai. Nikamvuta malkia pembeni kumkumbusha makubaliano yetu. Akasema mikate ameipokea na ameshukuru, lakini malkia hawezi kuwa wa mtu mmoja, nchi itamshangaa.

Nchi.

Jioni mke wangu alikuta ua la porini limenasa sakafuni mwa gari, la zambarau, dogo. Akaliweka kwenye glasi ya maji, dirishani. Akauliza kama huko kwa fundi kuna baridi. Nikamuuliza baridi kutoka wapi. Akasema basi, ameuliza tu. Nashukuru Mungu hajashtukia chochote.

Jumamosi, 11 Januari

Nimekuwa nikifikiri. Malkia ameshaharibiwa na Miwani. Ninachohitaji ni kitu ambacho basi lenye kiyoyozi haliwezi kukifikia. Jana waziri mkuu alinidokezea, wakati ananipima koti nisiloliagiza, kwamba juu ya mji kuna njia ya mikokoteni inayopanda hadi kilimani, na ukifika kileleni unaiona pwani yote. Jina nimelipata kabla hajamaliza sentensi. Kilele cha Siri.

Asubuhi nikasambaza mikate, nikawapakia Mwalimu, mkewe na maharusi, ambao sasa wanashikana mikono muda wote na hawana msaada wowote kwa kazi. Mwalimu alikuwa na ramani. Akasema njia ile inashukia kwenye kijito kabla ya kupanda, na kijito hicho hakina daraja. Nikamwambia ramani huchorwa na watu waliokaa mezani. Akasema hii aliichora mwenyewe, akiwa kijana, kwa miguu. Nikamshukuru kwa mchango wake.

Kijito hakina daraja.

Gari liliingia kwa heshima, likafika katikati, likakaa. Matairi yakazunguka bila kwenda popote. Tope likapanda hadi kwenye MKATE LAINI. Tukasukuma. Bwana harusi akapoteza kiatu, bibi harusi akakitafuta, wakaangukiana, wakacheka, wakasahau kusukuma. Mke wa Mwalimu, mama mtu mzima mwenye subira, alikaa kwenye jiwe, akatandika leso, akaniambia kwa upole kwamba kwao mtu akipotea njia huwa anauliza. Nikamwambia hatujapotea. Tunajua tulipo. Tumo ndani ya kijito.

Simu haina mtandao. Saa zikapita. Halafu juu barabarani likatokea basi jeupe. Mke wa Mwalimu akasimama, akapunga leso. Nilimwomba asipunge. Akapunga kwa mikono miwili.

Miwani akateremka kwa miguu hadi kwetu. Na hapo, ili aone vizuri kama gari linaweza kuvutwa, akavua miwani. Ana macho madogo, ya upole, kama ya mtu anayeweza kukuazima kitu. Yalinikata maini. Akasema kamba yake haitoshi, akawapakia watu wangu wote bila kudai chochote, akaniambia na mimi nafasi ipo, twende, gari tutalirudia kesho. Hakuniita Mkate. Afadhali angeniita.

Nikakataa. Mkurugenzi haachi chombo. Naandika haya nikiwa nimejifunika magunia ya unga, miguu kwenye benchi la watu. Huku juu kuna baridi ya kweli. Nimekumbuka kwamba mikate ya kesho alfajiri inahitaji gari. Nimejitahidi kuacha kukumbuka.

Jumapili, 12 Januari

Trekta lilinitoa asubuhi. Mwenye trekta alitaka kujua niliingiaje pale kwa gari la mikate. Nikamwambia ni utalii. Akatikisa kichwa, akaniambia nisirudie.

Nilifika nyumbani mchana. Nikapata habari kwa vipande, na kila kipande kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Alfajiri mikate ilikuwa imeiva, gari halipo. Hoteli ndiyo inayonunua nusu ya mikate yetu, na meneja ameshasema ikichelewa tena atatafuta bekari nyingine. Watu wote wa bekari walikuwa wamesimama uani wanatazamana. Mke wangu akajitanda khanga, akaenda kwa miguu hadi kwa Miwani, akagonga, akamwomba. Mikate ikapelekwa kwa basi lenye kiyoyozi. Ikafika kwa wakati, na meneja akauliza kama inaweza kuletwa hivyo kila siku, maana ilikuwa haina vumbi.

Na mama mkwe alikuwa ndani ya lile basi. Alikwenda kushukuru.

Nilimkuta mezani, mikono imepumzika juu ya aproni safi.

"Baba, gari limepona?"

Nikasema limepona kabisa.

"Na ile sauti?"

Nikasema haipo tena.

"Nimefurahi," akasema. "Meneja anasema hajaongeza hata mkate mmoja. Sasa ile mikate yangu ilikuwa inaliwa na nani?"

Nilikuwa na majibu kadhaa mazuri njiani. Yote yalinikimbia. Nikasema malkia.

Nilisubiri anicheke au anifukuze, na kwa kweli nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Akasema nikaoge, nanuka kijito.

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, anafua magunia. Nikajikalisha karibu, nikajichekesha. Hakucheka. Wala hakununa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi tangu nizaliwe sijavuka mashamba ya minanasi," akasema. "Kila nikisimama kwenye lile dirisha la mauzo naiona milima kwa mbali, ya buluu, najiuliza kukoje. Umewapeleka watu usiowajua. Mimi umeniletea sauti ya gari."

Nikamwambia mabenchi yalikuwa yamejaa.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akanikabidhi beseni, akaingia ndani. Nimefua magunia yote.

Jumanne, 14 Januari

Tangu jana nimeondolewa kwenye gari. Funguo ziko mfukoni mwa aproni ya mama mkwe, mahali ambapo hata mwizi mzoefu asingejaribu. Mimi nakanda. Unga niliokuwa naufagia sasa unaniingia puani kwa njia rasmi. Sijalalamika. Mtu mwenye upeo hujifunza kila idara.

Mchana mlango ukafunguka, akaingia malkia. Mwenyewe, na gauni lake zuri na viatu vya kufunga, ameteremka kwa basi la abiria. Akauliza yuko wapi mkurugenzi. Bekari nzima ikatazamana. Nikainama nyuma ya ndoo ya hamira. Mama mkwe akaninyooshea kidole bila hata kugeuka.

Malkia akaeleza shida yake. Wageni wanakuja kila siku, Miwani anawaleta, wengine wanakuja na magari yao wakitafuta mlango wa kijani. Wote wanataka chai. Chai anayo, mkate hana, maana mkurugenzi aliahidi kisha akaingia mitini. Mama mkwe akamvutia kiti, akamkatia mkate uliotoka tanurini dakika ileile. Malkia akaubonyeza kwa kidole, akautazama ukirudi. Akaumaliza. Wakatazamana kama watu waliosoma pamoja.

Nilitumwa nikoroge chai. Niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Mji wa mlimani utapelekewa mikate kila Alhamisi na Jumamosi, makreti kwa makreti, ya malkia na ya maduka mengine mawili. Hoteli ikipunguza, pengo litazibwa na mauzo hayo. Nikapiga hatua mbele, nikasema kwa unyenyekevu kwamba njia naijua. Mama mkwe akasema najua vijito. Dereva atakuwa mke wangu. Leseni anayo tangu kabla hatujaoana. Nilikuwa nimesahau, kwa kuwa hakuna aliyenikumbusha.

Malkia alipotoka akanibonyeza shavu. Akasema nina mama mkwe wa maana sana, nimtunze. Hakuna aliyesema wazo lilikuwa la nani.

Alhamisi, 16 Januari

Mke wangu amekwenda milimani leo, peke yake, redio imefunguliwa. Nilimsikia akibadilisha gia kwenye kona ya bekari, laini kama anasokota uzi. Nilikanda vibaya siku nzima. Mama mkwe akaniondolea donge moja, akalikanda upya, na kila nikitazama mlangoni aliniona.

Mke wangu alirudi jioni na mashavu ya baridi. Amesimama kwenye maporomoko. Maji yapo, yanashuka kwa kishindo, unyevu unakurukia usoni. Aliwauliza wakulima wa karibu. Wakamwambia kila Jumatano wanayageuza maji juu kule, wanayaingiza kwenye mifereji ya mashamba, halafu jioni wanayarudisha.

Kila Jumatano. Kwa hiyo nilisema kweli. Nikamweleza hivyo. Nikamweleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anavua viatu.

Alinitazama, na nikaona kile kishimo cha shavuni kinajitahidi kisitokee. Akasema Jumamosi anahitaji mtu wa kushusha makreti. Kama nina nafasi.

Nikasema nitaangalia ratiba.

Jumamosi, 18 Januari

Leo nimepanda mlima nikiwa abiria. Nimekaa mbele, kando ya mke wangu, kwenye kiti ambacho kumbe kina mandhari. Mashamba ya minanasi yalipoisha na kona zikaanza akazima redio. Hakunieleza kitu. Anaendesha mkono mmoja juu ya usukani, na mahali pazuri anapunguza mwendo, basi. Nilijaribu kumtajia vitu vya kushoto. Akasema anaviona.

Kwenye maporomoko akasimamisha gari. Tukashuka. Sina namna ya kuyaeleza na sitajaribu. Maji yanatoka juu kabisa meupe, kama yanamwagwa na mtu asiyechoka, na chini yananguruma hadi unausikia mngurumo kwenye mbavu. Tukalowa. Nikafungua mdomo kueleza urefu wake.

"Tukae kimya kidogo," akasema, akanishika mkono.

Tukakaa. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa hivyo bila mmoja wetu kuwa na jambo la kumalizia. Khanga yake imelowa, amefumba macho, anacheka peke yake. Nikafikiri: hivi ndivyo nilivyotakiwa kufanya tangu Jumatatu ile. Nikafikiri nimwambie. Nikaona nimekatazwa kuongea. Nikambana mkono tu, naye akaubana wangu. Nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa, na nilijiahidi kwamba kuanzia leo nimeridhika, nitakanda, nitashusha makreti, nitafunga mdomo.

Ahadi hiyo niliishika mpaka mjini.

Mke wangu aliingia kwa malkia kunywa chai. Mimi nikashusha makreti. Waziri mkuu akaja kunisaidia, na koti langu mkononi, limekamilika, mikono mirefu kuliko yangu. Tukaketi kwenye ngazi, tukamegeana mkate. Ukungu ulikuwa umetanda barabarani na kila aliyepita alikuwa amejikunyata ndani ya sweta. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya, kama ni kweli kule kwetu pwani kuna siku watu wanatafuta kivuli. Akasema yeye hajawahi kuiona bahari. Mke wake hajaiona. Mtaa mzima, ukiwahesabu, walioiona ni wachache na hao nao waliiona kwa dirisha la basi.

Nikaacha kutafuna.

Mji mzima. Umejaa watu waliogandishwa na baridi maisha yao yote, na hakuna mtu hata mmoja, si Miwani, si mama mkwe, aliyewahi kuwafikiria. Nikamsogelea. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kampuni yangu inaanzisha safari za siku moja kuteremka pwani, zikiwa ni pamoja na matembezi ya baharini hadi kwenye kisiwa. Akauliza kisiwa kipi. Nikasema kipo, ila hakitangazwi. Akauliza kama bahari naifahamu vizuri. Nikamwambia nimezaliwa humo.

Amejiandikisha yeye, mkewe na shemeji zake wote. Tunaanza wiki ijayo. Mke wangu sijamwambia, kwa kuwa alikuwa na furaha sana njiani kurudi na sikutaka kumkatiza. Kila kitu kiko tayari. Kilichobaki ni mashua tu, na mashua nimeshaiona nyuma ya hoteli, ya buluu, nzuri, imetulia. Mwenyewe bado hajajua.